Giteranyi na filamu: nani atawaonyesha Warundi maisha yao?

Anayetaka kujua nguvu ya filamu katika jamii asianzie kwenye majumba ya sinema ya Nairobi au Dar es Salaam. Aanzie mahali kama Giteranyi, upande wa Muyinga, kaskazini mashariki mwa Burundi, karibu na mpaka wa Tanzania. Huko watu wengi ni wakulima, umeme ni wa kubahatisha, na jumba la sinema lenye viti vya mpangilio ni habari ya kusikia tu. Hata hivyo filamu zinafika. Zinapita mpakani pamoja na wafanyabiashara, zikiwa ndani ya simu na flashi, na huonyeshwa kwenye vibanda vya video vilivyo katika vituo vya biashara, ambapo runinga moja, betri ya sola na mabenchi machache hutosha kuwakusanya vijana wa vilima kadhaa.

Tanzania vibanda vya namna hiyo huitwa "vibanda umiza", kwa sababu mtazamaji hutoka humo mgongo ukimuuma. Lakini umma wa Afrika Mashariki umejifunza sinema humo humo. Ndiyo maana Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012 jijini Dar es Salaam, msiba wake haukuwa wa Tanzania peke yake. Burundi, Rwanda na mashariki mwa Kongo nako alikuwa na mashabiki waliozifuata filamu zake kwa miaka, na wengine waliokota Kiswahili chao humo.

Mtu wa kutafsiri

Kuna mtu mmoja ambaye historia ya sinema ya ukanda huu haiwezi kuandikwa bila yeye: mtu wa kutafsiri. Tanzania ilimjua Lufufu, Kenya ina DJ Afro, Uganda ina VJ Jingo na wenzake. Rwanda filamu zilizotafsiriwa huitwa "agasobanuye", na kwa kuwa Kinyarwanda na Kirundi vinaelewana, Warundi nao huzifuata bila shida.

Kazi ya mtu huyu haiishii kwenye kugeuza maneno. Filamu ya Hong Kong au ya Marekani ikipita mikononi mwake, jambazi hupewa jina la mtaani, mpelelezi hutukanwa kwa methali, na ugomvi wa mke na mume wa mbali hugeuka ugomvi wa jirani anayejulikana. Watazamaji hucheka, hujibu na kubishana.

Hapo lipo somo kwa wanaotafuta mchango wa filamu katika utamaduni. Watu wa vijijini hawakuwahi kuikataa sinema. Walichokataa ni kukaa kimya mbele ya picha zinazosema lugha wasiyoijua. Walipopata mtu wa kuzisemesha, walizichukua zikawa zao.

Sinema iliyokuja kufundisha

Hali haikuanza hivyo. Wakati wa utawala wa Ubelgiji, Ruanda-Urundi ilipoendeshwa pamoja na Kongo, filamu zilikuja kwa mkono wa serikali na wa wamisionari. Mwaka 1955 André Cauvin alitoa "Bwana Kitoko", filamu ya ziara ya Mfalme Baudouin katika Kongo na Ruanda-Urundi. Katika miaka hiyo hiyo, huko Kasai, Padre Albert Van Haelst alikuwa akitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili, ambavyo mara nyingi nyuma ya kichekesho kulikuwa na mahubiri juu ya mwenendo mwema.

Watu walicheka, na baadhi ya picha hizo leo ni kumbukumbu ya thamani. Lakini Mwafrika alikuwa mtu wa kuonyeshwa na kufundishwa; aliyeshika kamera na kuamua hadithi iishie wapi alikuwa mwingine.

Kwa Burundi, mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1992. Mwanamuziki Léonce Ngabo alitoa "Gito l'Ingrat", filamu ndefu ya kwanza ya hadithi kuongozwa na Mrundi. Gito ni kijana aliyesoma Paris. Anarudi nyumbani na shahada yake akiamini wizara inamsubiri. Haimsubiri. Anamwacha mpenzi Mfaransa kule, anarudiana na msichana wa zamani hapa, mpaka wanawake hao wawili wanakutana na kuamua kumfunza adabu.

Ni kichekesho, lakini kila Mrundi aliyewahi kumsindikiza mtoto wa jirani kwenda Ulaya, kisha akamwona akirudi na majivuno, alielewa aliyekuwa akichekwa. Hata katika hadithi za jadi Warundi wana Samandari, mcheshi anayewaumbua wakubwa kwa maneno. Gito aliingia katika ukoo huo huo wa kicheko chenye mafunzo.

Mwaka uliofuata, Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye aliuawa na nchi ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Sinema iliyokuwa ndiyo kwanza inasimama ikakosa pa kusimama.

Hadithi ambayo haijaonyeshwa

Vita hivyo ndivyo vilivyoijaza Giteranyi na maeneo jirani hadithi ambazo mpaka leo hazijapata kamera ya kutosha. Mamia ya maelfu ya Warundi walikimbilia Tanzania, wengi wakafikia kambi za wilaya ya Ngara, kama Lukole, na nyingine za Kigoma. Mkataba wa Arusha ulipotiwa saini Agosti 2000 na hali kuanza kutulia, walianza kurudi. Wengine walikuwa wameondoka tangu mauaji ya 1972, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati ya hao wa zamani walipewa uraia wa Tanzania. Baada ya mgogoro wa 2015 wapo waliokimbia tena, na wapo waliorejea tena.

Anayerudi hukuta nini? Mara nyingi hukuta shamba la baba yake likilimwa na mtu mwingine, ambaye naye pengine alilinunua kwa nia njema au alipewa na serikali ya wakati huo. Burundi ni kati ya nchi zenye watu waliobanana zaidi barani Afrika, na karibu kila mtu anaishi kwa jembe. Mwaka 2006 serikali iliunda tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine ili kushughulikia mashauri hayo, na kazi yake yenyewe ilizua ubishi mkali.

Kisha yupo mtoto aliyezaliwa kambini, anayesema Kiswahili cha Ngara vizuri kuliko Kirundi cha shule, akiambiwa kwamba hapa ndipo kwao.

Huo ni mkasa kamili. Una ndugu wawili, shamba moja na haki mbili zinazogongana. Kijana wa Giteranyi anayeingia kibandani atayaona magorofa ya Dar es Salaam, mama mkwe wa Lagos na bunduki za Hollywood. Mkasa wa shamba la babu yake hatauona. Na hata filamu inayohusu nchi yake inapovuma duniani, huenda imeongozwa na mgeni. Ndivyo ilivyokuwa kwa "Na Wewe" ya Mbelgiji Ivan Goldschmidt, filamu fupi ya basi dogo linalosimamishwa na waasi katika Burundi ya 1994, iliyoteuliwa kuwania Oscar mwaka 2011. Jina lake ni la Kirundi, na msemaji wa Kiswahili analisoma bila mkalimani.

Redio ilishaonyesha njia

Anayedhani hadithi haiwezi kubadili chochote akumbuke redio. Mwaka 1997, vita vikiwa bado vinaendelea, Studio Ijambo ya Bujumbura ilianza kurusha mchezo wa "Umubanyi Niwe Muryango", yaani jirani ndiye ndugu. Mwandishi wake, Marie-Louise Sibazuri, aliziweka familia mbili, ya Kihutu na ya Kitutsi, upande kwa upande, zikigombana, zikisaidiana na kuoneana aibu. Mchezo uliendelea kwa mamia ya vipindi, na Warundi wa pande zote waliusikiliza.

Ni kweli kwamba chombo hicho hicho kinaweza kuua. Redio RTLM ya Rwanda ilithibitisha hilo mwaka 1994. Ndiyo sababu swali la nani anasimulia, kwa lugha gani na kwa nia gani, ni swali la amani.

Skrini iwafuate watu vilimani

Warundi hawajakaa bure. Tangu 2009 tamasha la FESTICAB, lililoasisiwa na Ngabo, limekuwa likiwakutanisha watengenezaji filamu wa Burundi na wa nchi jirani. Watengenezaji wa filamu za matukio halisi kama Eddy Munyaneza wameigeuzia kamera historia ya nchi yao. Tatizo ni kwamba kazi nyingi za namna hii huonekana zaidi Bujumbura na kwenye matamasha ya nje kuliko mahali zinapohusika.

Jirani wameonyesha namna ya kufanya. Tamasha la filamu la Rwanda, lililoanzishwa mwaka 2005 na Eric Kabera, lilipata jina la Hillywood kwa sababu lilibeba skrini ya kujaza upepo na kwenda kuonyesha filamu za Kinyarwanda vilimani. Zanzibar, tamasha la ZIFF nalo liliwahi kupeleka maonyesho vijijini, Unguja na Pemba, badala ya kuyafungia Ngome Kongwe.

Burundi ina lugha moja inayoeleweka nchi nzima. Filamu ya Kirundi inaweza kutoka Gitega, mji mkuu wa kisiasa, ikafika Muyinga bila mtafsiri. Ikiongezewa Kiswahili, inavuka mpaka mpaka Ngara, ambako Kihangaza na Kirundi tayari ni ndugu, na kuendelea hadi Kigoma na Uvira. Tangu nchi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, bidhaa zimekuwa zikipita Kobero kila siku. Hadithi za Warundi nazo zina haki ya kupita, badala ya kupokea tu zinazotoka nje.

Na filamu ikiisha kilimani, kazi ndiyo kwanza inaanza. Warundi wana desturi ya bashingantahe, wazee wenye kuaminika ambao huwasikiliza wanaogombana kabla ya kutoa neno. Filamu juu ya shamba linalogombaniwa, ikionyeshwa mbele ya aliyerudi na aliyebaki, kisha wazee wakafungua mazungumzo, haitagawa ardhi wala kuiongeza. Itampa kila mmoja nafasi ya kumsikiliza mwenzake akiongea kupitia mdomo wa mtu wa kubuni, bila kunyoosheana vidole. Kwa watu ambao kesho asubuhi watachota maji kisima kimoja, hilo si jambo dogo.