Mhariri na uhuru: Somo kutoka kwa Toni Morrison

Neno ‘mhariri’ tumelizoea mno hata hatulihoji. Asili yake ni Kiarabu, na linatokana na mzizi uleule uliotuzalia ‘huru’ na ‘uhuru’. Katika lugha hiyo, kitenzi chenyewe kina maana mbili: kutengeneza maandishi na kukomboa. Ndiyo maana uwanja maarufu wa jijini Cairo unaitwa Tahrir, yaani Ukombozi. Kiswahili kiliichukua ile maana ya kwanza, ya pili kikaiacha. Hivyo basi, wengi wetu tukisikia mhariri tunamwaza mtu wa kalamu nyekundu anayewinda makosa ya tahajia.

Leo nataka tuirejelee maana tuliyoiacha, kupitia mwanamke ambaye wasomaji wengi wanamjua kama mwandishi tu: Toni Morrison wa Marekani, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 1993.

Kabla ya sifa hizo, Morrison alikuwa mwajiriwa. Mwaka 1965, akiwa ametalikiana na mumewe na akiwalea wanawe wawili, alianza kuhariri vitabu vya shule mjini Syracuse katika tawi la kampuni ya Random House. Miaka michache baadaye alihamia makao makuu, New York, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kushika wadhifa wa mhariri mwandamizi wa bunilizi katika kampuni hiyo. Katika Kiswahili, ‘mhariri’ ni wa ngeli ya A-WA, na ngeli hiyo haitwambii kama ni mke au mume, mweusi au mweupe. Ofisi za uchapishaji za New York, hata hivyo, zilijua kubagua. Aliyeamua kitabu kipi kitoke alikuwa, mara nyingi mno, mwanamume mzungu.

Si kwamba hapakuwa na watangulizi. Jessie Redmon Fauset alikuwa mhariri wa fasihi wa jarida la The Crisis kuanzia 1919 hadi 1926, na ndiye aliyempa Langston Hughes nafasi angali kijana. Lakini The Crisis lilikuwa jarida la Wamarekani weusi wenyewe. Morrison aliingia katika nyumba ya wengine, akafungua mlango kutoka ndani.

Je, aliingiza nani? Mwaka 1972 alitoa mkusanyiko wa fasihi ya Afrika uliowaleta kina Chinua Achebe na Wole Soyinka mbele ya wasomaji wa Marekani. Mwaka huohuo alichapisha hadithi za Toni Cade Bambara. Mwaka 1974 ukaja wasifu ambao mwanaharakati Angela Davis alijiandikia, na mwaka uliofuata ule wa bondia Muhammad Ali. Aidha, alichapisha kazi za Henry Dumas, mshairi aliyeuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1968 kabla jina lake halijavuma. Morrison mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakuwa mtu wa kuandamana barabarani. Mchango wake ulikuwa kuhakikisha sauti hizo zimechapishwa.

Jambo linalonivutia zaidi kama mwanaisimu ni kile ambacho hakukifuta. Wahusika wa Bambara, na wale wa Gayl Jones katika riwaya ya Corregidora (1975), wanasema Kiingereza cha watu weusi, chenye sarufi na mapigo yake. Mhariri mwingine angekiita Kiingereza kibovu, akakinyoosha. Morrison alikiacha kiseme.

Hapo ndipo kisa hiki kinapobisha hodi kwetu. Kamati iliyoanza mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili, ikiegemea Kiunguja, iliongozwa na Wazungu. Wao ndio walioamua Kiswahili cha vitabu vya shule kiweje. Kamati ile haipo tena, lakini kalamu yake bado i mikononi mwetu. Chukua mswada ambamo bibi wa Mji wa Kale, Mombasa, anamwita mjukuu wake: “Ndoo!” Mhariri anafuta, anaandika “Njoo!” Amesahihisha nini hapo? Amemnyang’anya bibi huyo Kimvita chake, lugha iliyokuwa na washairi wakubwa muda mrefu kabla ya hiyo kamati. Usanifu una mahali pake, na mimi nimeufundisha maisha yangu yote. Lakini kinywa cha mhusika si kitabu cha sarufi.

Kwa upande wa rangi, kizuizi hapa kwetu kilivunjwa. Henry Chakava aliingia Heinemann jijini Nairobi kama mhariri mwaka 1972. Kufikia 1976 ndiye aliyekuwa akiiongoza. Mwaka 1980 alichapisha riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong’o kwa Kikikuyu, licha ya vitisho. Mtu mmoja kwenye kiti kile alibadilisha lugha ambazo riwaya ya Kenya ingeweza kuandikwa.

Tatizo ni hilo neno ‘mmoja’. Morrison aliondoka Random House mwaka 1983 ili ajikite katika uandishi. Baada yake, vitabu vya waandishi weusi katika kampuni ile vilipungua sana. Mlango alioufungua ulikuwa umeshikiliwa kwa mkono wake. Mkono ulipoondoka, mlango ukarudi.

Kwa hivyo, haitoshi kumsherehekea wa kwanza. Tuulize wa pili na wa tatu wako wapi. Vyuo vyetu vinafuzisha wanawake wengi waliobobea katika Kiswahili, na wengi huishia kusahihisha vitabu vya kiada, mbali na meza ambapo huamuliwa riwaya au diwani ipi ichapishwe. Wachapishaji wawape viti kwenye meza hiyo, tena viti kadhaa, wala si kimoja cha maonyesho. Nasi walimu tuwafunze wanafunzi wetu kwamba kuhariri ni zaidi ya kuwinda makosa. Ni kujua pia lipi liachwe lilivyo, na nani aruhusiwe kusema.