Kura ya woga: Kabila linapomfunga mpiga kura

Ijumaa hii tunapenda kulitazama jambo linalozigusa familia zetu kila uchaguzi unapokaribia, nalo ni hofu ya kabila na namna inavyouongoza mkono wa mpiga kura.

Tuanzie Mzinga, katika Manispaa ya Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Wenyeji wa milima hii ni Waluguru, ambao kwa mila yao ukoo na ardhi hufuata upande wa mama. Lakini mji wenyewe ulikuzwa na wageni pia. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, mashamba ya mkonge yakavuta vibarua kutoka mbali, na baadaye kiwanda cha jeshi cha Mzinga kikaleta wafanyakazi wa mikoa mbalimbali. Katika mji kama huu, safu moja ya swala huweza kuwakusanya Mluguru, Mgogo, Mngoni na Mpogoro, bega kwa bega. Hata hivyo, unapowadia wakati wa kutafuta mgombea, hata penye mchanganyiko wa namna hiyo huweza kuchipuka mnong'ono: "Huyu si mwenzetu, huyu ni mtu wa kuja."

Mnong'ono huo hutoka wapi? Wengi hudhani ni chuki. Sisi tunaona kwamba mara nyingi ni woga. Mtu huishi vyema na jirani yake, wakaombana chumvi na wakazikana. Lakini kura inapokaribia hujiuliza: wale wakimpa kura mtu wao, nami nikampa mgombea bora asiye wa kwetu, je, sitakuwa nimewaponza jamaa zangu? Jirani naye huwaza vivyo hivyo. Basi kila upande hujikusanya kwa kuuogopa mwingine, na mgombea hana tena haja ya kueleza atakachofanya. Humtosha kuwatia watu hofu. Woga huo huzidi pale watu wanapoamini kuwa mwenye madaraka ndiye mgawaji wa ardhi, kazi na barabara, na aliyeshindwa huachiwa makombo.

Matunda ya woga huu tumeyaona karibu yetu. Huko Zanzibar, siasa za vyama zilijengwa juu ya hofu baina ya Mwafrika, Mshirazi na Mwarabu. Uchaguzi wa Januari 1961 haukutoa mshindi wa wazi, na uliporudiwa mwezi Juni mwaka huo yalizuka machafuko yaliyoua watu 68. Waislamu walikuwamo pande zote, nao walikuwa wakielekea kibla kimoja.

Nchini Kenya, matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, majirani walishikiana mapanga. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakayahama makazi yao, hadi yalipofikiwa maafikiano ya tarehe 28 Februari 2008 kwa usuluhishi wa Kofi Annan. Katika Bonde la Ufa, Wakikuyu na Wakalenjin walikuwa pande zilizopingana. Lakini mwaka 2013 Uhuru Kenyatta na William Ruto, waliokuwa pande mbili tofauti mwaka 2007, walisimama pamoja na kushinda. Mwaka 2022 wapiga kura wengi wa eneo la Mlima Kenya walimchagua Ruto, ambaye ni Mkalenjin. Tuzingatie hapo: uadui ulioelezwa kuwa ni wa damu uliyeyuka viongozi walipopatana. Waliokufa hawakurudi.

Tanzania Bara ilijitahidi kuufunga mlango huu. Mamlaka ya machifu yaliondolewa mwaka 1963, Kiswahili kikawa lugha ya wote, vijana wakapelekwa shule za mbali na kwao, na sheria ya vyama ya mwaka 1992 ikakataza chama cha kabila, dini au eneo. Utani nao ukawawezesha watu wa makabila kutaniana pasipo kuumizana. Yote hayo yalijengwa kwa mikono ya watu, na mikono ya watu yaweza kuyabomoa.

Uislamu haukatazi mtu kuwapenda jamaa zake. Suratul Hujurat, aya ya 13, inatufundisha kuwa mataifa na makabila yamewekwa ili watu wafahamiane, na kwamba mbora ni mchaMungu zaidi. Kinachokatazwa ni asabia. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, Mtume (s.a.w.) aliieleza kuwa ni kuwasaidia watu wako katika dhulma. Tukumbuke pia kisa cha Nabii Yusuf (a.s.). Huko Misri yeye alikuwa mtu wa kuja, lakini alikabidhiwa hazina ya nchi kwa uaminifu na elimu yake, na njaa ilipoingia ghala zile zikawaokoa wenyeji na wageni.

Ndugu wazazi, watoto wetu hujifunza siasa kwenye mkeka wa chakula kabla ya kuingia darasani. Wakisikia tukiuliza "ni wa wapi?", watauliza hivyo maisha yao yote. Tuwazoeze kuuliza: Ni mwaminifu? Anaijua kazi? Amefanya nini kwa wasio jamaa zake? Majibu yakiwa mema, awe mwenyeji au mgeni, kura ni amana tutakayoulizwa.

Tunamwomba Allah (s.w.) atuondolee woga unaozaa dhulma, na atujaalie viongozi waadilifu. Amin.