Mto Ukijaa, Ngoja

Ndugu mkulima, je, umepata kusimama ukingoni mwa mto uliojaa, nyumba yako ukiiona kwa macho ng'ambo ya pili, wala usiweze kuifikia? Kama jambo hilo halijakupata, mshukuru Mungu, lakini usilifunge gazeti hili bado. Skimu zetu nyingi zina barabara moja tu ya kuingilia, na barabara hiyo aghalabu huvuka mto au korongo. Siku inapokatika, maziwa hayatoki, dawa haziingii, na watoto hawaendi shule.

Mwezi huu nataka kukusimulia habari za nyumba moja ya upande wa Kitengela, katika Kajiado, iliyokatwa na maji kwa siku tatu mwaka 2024. Majina yao sitayataja, kwa kuwa hawapendi kusifiwa gazetini. Lakini waliyoyafanya yafaa kujulikana, na hata kosa lao moja lafaa kujulikana.

NCHI YENYEWE

Kwanza tuitazame nchi. Kitengela iko kwenye mbuga za Athi, kusini ya Nairobi, kando ya barabara kuu iendayo Namanga, mpakani mwa Tanzania. Ukiifuata barabara hiyo utapita Isinya, kisha utafika Kajiado mjini. Ni nchi kavu. Jina la Kajiado latokana na maneno ya Kimaasai ambayo maana yake ni mto mrefu. Mgeni apitaye wakati wa kiangazi atauliza, "Mto wenyewe uko wapi?" Ataona mchanga na mawe tu. Lakini mto ni njia ya maji, hata siku ambayo maji hayapo.

Sehemu kubwa ya mbuga hizo ina udongo mweusi wa mfinyanzi. Wewe mwenye shamba la udongo kama huo wajua tabia yake. Ukikauka, hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukilowa, huvimba, nyufa hufungana, na maji hayapenyi tena kwa urahisi. Mvua inayofuata hutiririka juu ya ardhi na kukimbilia makorongoni. Ndiyo sababu korongo huweza kujaa kwa muda wa saa chache, hata kama kwako hakikunyesha kitu, maana maji yametoka nchi ya juu.

Tena kumbuka yaliyotangulia. Tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilipita bila mvua ya kutosha. Wafugaji wa Kajiado walipoteza mifugo mingi mno. Watu waliomba mvua makanisani na chini ya miti. Kisha mvua za El Niño zikaja mwisho wa 2023, na masika ya 2024 yakazidi. Wazee hawakushangaa sana. Wanakumbuka mwaka 1961, ambapo ukame mkali uliwamaliza ng'ombe wa Wamaasai, na mafuriko makubwa yakafuata mwaka ule ule. Ukame na gharika katika nchi yetu ni majirani.

SIKU YA KWANZA

Nyumba ninayoisema ina eka tano, ng'ombe watatu wa maziwa, mbuzi wachache na kuku. Kati yake na barabara kuu kuna korongo lenye kivuko cha saruji. Baba hufanya kazi ya zamu katika kiwanda kimoja cha Athi River. Nyumbani yupo mama, watoto watatu, na bibi yao mzee, ambaye humwita Koko kama ilivyo desturi ya Kimaasai.

Jumanne tarehe 30 Aprili, jioni, baba aliondoka kwenda zamu ya usiku. Siku moja kabla, nchi nzima ilikuwa imepata msiba wa Mai Mahiu, ambako maji na matope yalishuka usiku na kuua makumi ya watu. Kwa ajili ya mafuriko, Serikali ilikuwa imeahirisha kufunguliwa kwa shule kwa wiki moja. Binti mkubwa wa nyumba hiyo, aliye katika shule ya bweni, alikuwa amekwisha kufunga sanduku lake.

Usiku ule mvua ilinyesha bila kupumzika. Jumatano, sikukuu ya wafanyakazi, mama alipokwenda kukamua alisikia ngurumo ambayo haikuwa ya radi. Alikuta korongo limejaa ukingo kwa ukingo, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mti mzima ukipita katikati. Kitengela nako mambo yalikuwa mabaya. Mto ulikuwa umevunja kingo zake, maji yakaingia majumbani, na safari za barabara ya Namanga zikavurugika.

Mama alirudi nyumbani, akafanya jambo la kwanza la busara. Hakulia wala hakukimbia, alihesabu. Dawa ya presha ya Koko: vidonge vinne, kimoja kwa siku. Unga: wa wiki moja. Maji safi: madebe mawili. Simu: nusu ya chaji, na taa ya jua ya kuichajia kama jua litatoka. Basi akajua kwamba ana mpaka Jumamosi. Mtu anayejua ana siku ngapi hafanyi mambo kwa hofu.

LORI NI ZITO

Saa tisa mchana baba alifika ng'ambo, baada ya kutembea sehemu kubwa ya njia kwa miguu. Aliwakuta watu wapatao ishirini wamesimama. Dereva wa lori la mchanga alikuwa akiwaita wapande, kila mtu shilingi 200. "Lori ni zito," alisema, "maji haya hayaliwezi." Watu kumi hivi walipanda. Baba naye alitia mkono mfukoni.

Simu ikalia. Mama alikuwa akimwona kutoka ng'ambo. Alimwambia maneno machache: "Baba watoto, Koko ana dawa mpaka Jumamosi. Ukivuka Ijumaa utakuwa umechelewa tu. Ukivuka leo, mimi sijui." Baba aliniambia kwamba alikasirika. Alikuwa amelowa, ana njaa, na watu walikuwa wakimtazama. Lakini alitoa mkono mfukoni.

Lori lilifika katikati likazimika. Maji yalilisukuma taratibu hata likaegemea ukingo wa kivuko. Vijana wa ng'ambo walitupa kamba, wakawavuta watu mmoja mmoja mpaka giza likaingia. Kwa rehema za Mungu hakufa mtu. Tunajua kwamba si kila mara huwa hivyo. Tarehe 4 Desemba 2021, katika mto Enziu karibu na Mwingi, basi lililojaa wanakwaya waliokuwa wakienda arusini lilijaribu kuvuka maji kama hayo, na watu zaidi ya 30 walikufa.

Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani wa ofisi ya kilimo, kwa hiyo niruhusu nitumie ubao kidogo. Kwa nini maji hulishinda gari? Kwa sababu gari lina hewa ndani, na kitu chenye hewa huelea. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30, yaani urefu wa rula ya mwanafunzi, yaweza kuielea na kuisukuma motokaa ndogo. Rula mbili zaweza kuchukua hata pikapu. Na mtu mzima aweza kuangushwa na nusu ya rula tu, ikiwa maji yana kasi. Zaidi ya hayo, maji machafu hayakuonyeshi chini yake. Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui kina chake.

KAZI YA NYUMBANI

Baba alilala siku mbili kwa rafiki yake Kitengela. Alimtumia mama fedha kwa M-Pesa, naye akanunua sabuni, chumvi na mafuta ya taa katika duka la jirani wa upande ule ule wa korongo.

Maziwa je? Ng'ombe hawajui kwamba barabara imekatika. Walitoa lita 22 kwa siku, na mnunuzi mwenye pikipiki hakuweza kufika. Mama aliyagawa hivi. Ya kunywa aliyachemsha. Mengine Koko aliyatia katika vibuyu vilivyosafishwa kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien, yakawa maziwa ya kuganda yanayoweza kukaa siku nyingi. Yaliyosalia yaliachwa yatoe malai, malai yakasukwa siagi, na siagi ikayeyushwa kuwa samli. Fahamu kwamba lita 20 za maziwa hutoa samli isiyofika kilo moja, kwa hiyo usitazamie utajiri. Lakini samli hukaa miezi, na maziwa yaliyomwagwa hayana faida kwa mtu.

Maji ya kunywa yote yalichemshwa, kwa kuwa mafuriko hubeba uchafu wa vyoo na kuuingiza visimani. Wengi waliookoka maji huuguzwa baadaye na kipindupindu na kuhara.

Sasa lile kosa. Magunia mawili ya chakula cha ng'ombe yalikuwa chini sakafuni, na maji yaliingia chini ya mlango. Siku ya tatu chakula kilianza kuota ukungu. Mama alitaka kukikausha juani awape ng'ombe. Asante kwa binti, aliyekuwa amesoma darasani kwamba ukungu huo huweza kuwa na sumu iitwayo aflatoksini, na kukausha hakuiondoi. Ng'ombe akila, sumu huingia katika maziwa, na maziwa huyanywa watoto. Walikitupa shimoni. Hasara ilikuwa kubwa kuliko ya maziwa yote, na ingezuiwa kwa mbao nne za kuinulia magunia.

KUVUKA

Alhamisi jioni maji yalishuka hata magotini. Wengine walivuka. Baba alisema, "Nimengoja siku mbili, usiku mmoja hautaniua." Ijumaa tarehe 3 Mei, asubuhi, maji yakiwa chini ya kifundo cha mguu, alivuka mchana kweupe akipapasa kwa fimbo. Katikati fimbo ilizama yote. Upande mmoja wa kivuko ulikuwa umeliwa na maji, shimo lenye kina cha mtu, na juu yake maji yamelala kimya kama mahali pengine. Alilizunguka. Mkononi alikuwa na vidonge vya mwezi mzima. Koko alikuwa amebakiwa na kimoja.

Siku hiyo hiyo Rais alitangaza kwamba shule hazitafunguliwa mpaka itangazwe tena. Binti alilia kidogo, kisha akafungua sanduku, akatoa vitabu. Kila asubuhi aliwafundisha wadogo zake hesabu kwa kutumia daftari la maziwa. Shule zilipofunguliwa tarehe 13 Mei, baba alimsindikiza mpaka Kajiado, lakini kwanza alipiga simu kuuliza kama barabara ni nzima.

MASHAURI

Yapasa kila nyumba ya skimu ifanye haya kabla ya masika na kabla ya vuli:

1. Weka akiba ya unga, chumvi, kiberiti, na hasa dawa za mgonjwa wa kila siku. Usingoje kidonge cha mwisho.

2. Sikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa katika redio, tena usikilize wa nchi ya juu, maana maji yako yanatoka huko.

3. Wewe na majirani simikeni nguzo kwenye kivuko, mkaipake rangi nyeupe chini na nyekundu juu. Maji yakigusa nyekundu, asivuke mtu, gari wala mfugo. Watu wa korongo lile wamekwisha kuisimika.

4. Inua magunia kutoka sakafuni. Chakula kilichoota ukungu usimpe ng'ombe.

5. Muulize daktari wa mifugo juu ya chanjo ya homa ya Bonde la Ufa mapema, kabla mvua haijaanza. Ugonjwa huo, unaoenezwa na mbu, ulifuata mvua kubwa za 1997 na 2006, ukaua mifugo na watu. Mifugo ikitupa mimba kwa wingi, toa habari upesi, wala usiishike mizoga kwa mikono mitupu.

6. Jifunze namba ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199. Haitozwi fedha.

7. Mkubaliane nyumbani mapema: mto ukijaa, aliye ng'ambo atalala kwa nani? Mwenye mahali pa kulala hatashawishika kupanda lori.

Msomaji wangu, shauri hili la saba ndilo aliloniomba mama yule niwaandikie. Alisema kwamba siku ile hakumwogopa mto, alimwogopa mume wake kuona aibu mbele ya watu. Basi mkizungumza jambo hili leo, mkiwa mmekaa pamoja na nchi ikiwa kavu, hakuna atakayeona aibu siku ya maji.