Rekodi Zisizopimwa kwa Karati

Shinyanga ikitaka kujisifu hutaja Mwadui: mwamba wa almasi uliotanda hekta 146, na ile almasi ya waridi ya karati 54.5 iliyopatikana mwaka 1947, ikaishia mikononi mwa Elizabeth wa Uingereza, wakati huo bado binti mfalme. Geita nayo hutaja mgodi wake wa dhahabu, mkubwa kuliko yote nchini. Haya, tumesikia. Ila Kanda ya Ziwa ina rekodi nyingine, za kubuni yasiyokuwepo.

Tumbo kubwa kuliko yote ni la Shing'weng'we, dude la ngano za Wasukuma. Lilimeza watu na mifugo ya dunia nzima, akasalia mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye pumba. Mwanawe, Masala Kulangwa, alipokua aliliua, akalipasua, wote wakatoka hai. Kwangu mimi utamu hauko kwenye ushujaa huo, uko kwa ajuza aliyekatwa sikio kwa bahati mbaya wakati tumbo linapasuliwa. Badala ya kumshukuru mkombozi, akamwekea kinyongo. Aliyelitia sikio hilo katika ngano aliwajua binadamu.

Uzushi uliodhuru kuliko wote nao umezunguka hukuhuku: kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino huita dhahabu kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji. Watu waliuawa kwa ajili yake. Ili kuyakomesha mauaji hayo, Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli.

Kwa vitabu, vuka maji uende Ukerewe. Riwaya nyembamba zinazomtoa msomaji jasho kuliko zote, kwa hukumu yangu, ni Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944 na kufariki Januari 2020. Shaaban Robert alikwishaielesha hewani nchi nzima katika Kusadikika mwaka 1951, lakini ukiwa Kusadikika unajua uko wapi. Ndani ya Nagona hujui. Msafiri asiye na jina anatangatanga akiisaka kweli, huku wanafalsafa waliokufa zamani wakibishana kama wazee kijiweni. Usiisome ukiwa na haraka, wala usitafute muhtasari wa mtihani.

Na aliyesubiri kuliko wote ni Aniceti Kitereza, wa Ukerewe pia. Riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka aliikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945, akaja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Katika miaka hiyo 35 ya kungoja, kijana wa kisiwa hichohicho, Kezilahabi, alikuwa amekua, amesoma na kutoa riwaya nne.