Towe la Kompyuta: Lisomwalo na Mtu na Lisomwalo na Programu

TOWE ni taarifa ambayo programu hutoa baada ya kupewa amri. Neno hili lafaa kuliko "matokeo", ambalo kwa wengi hukumbusha mitihani. Katika mstari wa amri, yaani pale mtumiaji anapoandika amri kwa herufi badala ya kubofya picha, towe la programu moja aghalabu husomwa na programu nyingine. Desturi hiyo ilijengwa na mfumo wa Unix katika miaka ya 1970.

Hapo ndipo mfasiri hana budi kuwa mwangalifu. Tuchukue mfano wa kubuni wa majani ya chai yaliyopokelewa Tukuyu, wilayani Rungwe:

Jumatatu saa 2:00 asubuhi, Tukuyu, kilo 1,250

Mkulima wa Rungwe huelewa mara moja. Lakini programu iliyofundishwa kwamba mkato ni KITENGANISHI, yaani alama ya kutenga UGA mmoja na mwingine, itasoma kilo 1, kisha 250. Kadhalika, kompyuta huhesabu saa tangu usiku wa manane. Hivyo 2:00 kwake ni saa nane usiku. Tena, Jumatatu ipi? Mkulima atalipwa kilo moja iliyopokelewa watu wamelala.

Taarifa hiyohiyo yaweza kuandikwa hivi:

tarehe=2024-05-06; saa=08:00; kituo=Tukuyu; kilo=1250

Kila uga una jina lake, namba haina mkato, na tarehe hufuata kanuni ya kimataifa ISO 8601, iliyotolewa mwaka 1988: mwaka, mwezi, siku.

Je, majina ya nyuga yaweza kuwa ya Kiswahili? Bila shaka, mradi yachaguliwe mwanzoni na yasibadilishwe. Madhara hutokea pale towe lililokwisha kuzoewa linapotafsiriwa lote. Programu inayotafuta neno la Kiingereza "error" haitaliona "kosa", nayo itaendelea kana kwamba mambo ni salama. Hata hivyo, programu za mfumo wa Unix hurudisha pia namba: 0 kazi ikifaulu, na namba nyingine isipofaulu. Namba hiyo haihitaji tafsiri.

Basi inapendekezwa kwamba maelezo yanayosomwa na mtu yatafsiriwe kwa Kiswahili fasaha, na majina ya nyuga, vitenganishi na namba za hali yaachwe kama yalivyo. Maoni ya wasomaji kuhusu istilahi towe, uga na kitenganishi yanakaribishwa.