Kijito Kinachopita Katika Shamba Lako

Wakulima wa skimu za makazi huko Kinangop na Wanjohi wanaijua taabu ya kijito kinachopungua mwezi wa Februari, kisha huja na matope mwezi wa Aprili. Wengi husema ni mvua. Mvua ni sababu moja, lakini nyingine twaileta sisi wenyewe kwa jembe na kwa kwato za ng'ombe.

Udongo wa ukingoni una rutuba na unyevu, na mwenye eka chache huona ni hasara kuuacha. Basi hulima viazi mpaka majini. Mizizi ya majani na vichaka ikiondoka, hakuna kitu cha kushika udongo. Ukingo hubomoka, na kila mwaka kijito hula shamba. Aliyetaka mistari mitatu zaidi ya viazi hupoteza mistari hiyo pamoja na ardhi yake.

Kanuni za Maji za mwaka 2007 zilitaja ukingo wa mita 6 mpaka 30 kila upande. Panda hapo miti ya kienyeji. Mikaratusi haifai, kwa kuwa hunywa maji mengi. Mwaka 2009 Serikali iliagiza iondolewe kando ya mito. Juu ya miti hiyo, upande wa shamba, panda majani ya kukatia ng'ombe. Napier haistawi vizuri penye baridi kali, kwa hiyo muulize Bwana Shamba majani yafaayo kwenu.

Wataalamu wa mito wana njia ya kupima maji ambayo hata mtoto wa shule aweza kuifuata. Inua jiwe kutoka maji yaendayo mbio. Ukiona vidudu bapa vyenye mikia miwili au mitatu, kijito kina afya, ingawa maji ya kunywa bado yachemshwe. Ukikuta minyoo myekundu tu matopeni, kijito kimeharibika. Dawa ya kupe au ya viazi ikiingia mtoni, vidudu hivyo hufa mapema sana, basi osha bomba la dawa mbali na maji.

Mkulima mmoja hawezi kuponya kijito ikiwa jirani wa juu anakiharibu. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 iliwapa watumiaji wa mto mmoja nafasi ya kuunda chama. Mto Malewa hupeleka sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Naivasha. Huko vyama hivyo vilipatana: watumiaji wa maji ziwani wawalipe wakulima wa juu wanaotunza kingo na kupanda majani ya kuzuia udongo kwenye mitelemko. Malipo ya kwanza yalitolewa mwaka 2010, kwa hati za kuchukulia vifaa vya kilimo dukani. Yalikuwa madogo, wala peke yake hayatoshi kumfanya mtu aache ardhi. Faida iliyo kubwa zaidi ni udongo kubaki shambani na ng'ombe kupata majani.

Katika skimu yenu anzeni na mahali pa kunyweshea. Chagueni pamoja sehemu moja yenye mawe, au vuteni maji kwa mfereji mpaka kwenye birika, kisha zungusheni ua kwingine kote. Kazi hiyo ifanywe wakati wa kiangazi, kabla ukingo haujalowa.