Mkojo Mwingi Si Dalili ya Figo Nzima: Tuelewe Kabla ya Kufunga

Kila Shaabani inapoingia, huletwa kwetu katika kamati ya msikiti swali lile lile kutoka kwa familia zenye mgonjwa wa figo: je, mzee wetu afunge au asifunge? Mara nyingi mzee mwenyewe huwa ameshajijibu. Husema kwamba anakojoa vizuri, tena mara nyingi, basi figo zake ni nzima na saumu haitamdhuru. Kauli hiyo ina hatari, na ili tuione hatari yake hatuna budi kufahamu kazi ambayo Allah Subhanahu Wataala ameikabidhi mirija myembamba iliyomo ndani ya figo.

Kila figo ina vichujio vipatavyo milioni moja, na kila kichujio kimeunganishwa na mrija wake. Kwa mtu mwenye afya, vichujio hivyo huchuja kutoka katika damu maji yapatayo lita 180 kwa siku, yakiwa yamebeba chumvi, sukari na taka za mwili. Mkojo unaotoka, hata hivyo, ni lita moja hadi mbili tu. Takriban asilimia 99 ya maji hayo hurudishwa katika damu, na wenye kuyarudisha ni seli zilizojipanga katika kuta za mirija. Ni mfano wa mama anayesafisha chumba kwa kutoa kila kitu uani, kisha akarudisha ndani kile tu kinachofaa.

Seli hizo huvuta chumvi, nayo maji huifuata. Katika upande wa kila seli unaoelekea damu kuna pampu ndogo mno, ambayo katika kila mzunguko hutoa ayoni 3 za sodiamu na kuingiza ayoni 2 za potasiamu. Sodiamu ikipungua ndani ya seli, nyingine huingia kutoka mrijani, ikifuatana na sukari. Pampu hiyo ilielezwa mwaka 1957 na Jens Christian Skou wa Denmark, aliyeichunguza katika mishipa ya fahamu ya kaa. Akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Kuhusu maji, Mmarekani Peter Agre alithibitisha mwaka 1992 kwamba utando wa seli una vilango maalumu vya kuyapitisha, naye akapewa tuzo hiyo mwaka 2003.

Mwenye afya anapofunga, damu yake hukolea kidogo kadiri mchana unavyosogea. Ubongo hutambua, ukaachia homoni ya kubana mkojo. Homoni hiyo huziamrisha seli za sehemu ya mwisho ya mirija zifungue vilango vya maji. Maji hutoka mrijani kuelekea katika kiini cha figo, chenye chumvi nyingi, kisha hurudi katika damu. Ndiyo maana mkojo wa alasiri huwa mchache na wa manjano iliyokolea. Akifuturu na kunywa, homoni hupungua na vilango hufungwa.

Figo zilizoharibiwa, mara nyingi kwa kisukari au shinikizo la damu, hupoteza uwezo huo. Mirija iliyosalia haiwezi tena kubana maji, hivyo mgonjwa huendelea kutoa mkojo mwingi mweupe hata akiwa na kiu, na huamka usiku mara kwa mara kwenda haja. Yale anayoyahesabu kuwa dalili ya uzima ni maji ambayo figo zimeshindwa kuyarudisha. Akikaa mchana kutwa bila kunywa, damu inayofika katika figo hupungua, na figo zilizokwisha dhoofu zinaweza kufeli kabisa. Hatari huzidi kwa anayetumia dawa za kutoa maji mwilini, kwani dawa hizo huzizuia seli za mirija zisirudishe chumvi.

Hatari ya pili iko katika futari. Mirija hiyo hiyo ndiyo inayotoa potasiamu iliyozidi. Ikishindwa, potasiamu hujaa katika damu, na moyo unaweza kusimama ghafla. Tende, ndizi na madafu vina potasiamu nyingi. Kufungulia tende ni Sunna, na asiye nazo hufungulia maji. Basi mgonjwa amuulize daktari wake kiasi gani kinamfaa.

Katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, mgonjwa amepewa ruhusa ya kutofunga. Anayetarajiwa kupona atalipa siku zake baadaye. Asiyetarajiwa kupona hutoa fidia ya kumlisha maskini kwa kila siku, nayo kwa madhehebu ya Imamu Shafi ni kibaba kimoja cha chakula kikuu cha mji. Kuipokea ruhusa ya Mola si udhaifu wa imani.

Tunaziomba familia zifanye mambo mawili. Kwanza, kabla ya mwezi kuandama, mpelekeni mzee akapimwe mkojo na kreatinini katika damu, na muulizeni daktari waziwazi kuhusu saumu. Wapo wenye maradhi machanga wanaoweza kufunga chini ya uangalizi wake, na wapo wasioweza kabisa. Asiamue mtu kwa kuangalia mkojo wake. Pili, akikatazwa kufunga, msimwache ale kwa kujificha jikoni kama mwenye hatia. Mtengeeni chakula chake cha mchana kwa heshima, naye jioni akae nanyi kwenye futari, kwani dua yake bado mnaihitaji.